Kumpigia Kura Winga Ambaye Sikumwona Akicheza



Kura za uongozi tumezizoea. Shuleni tunachagua viranja, jumuiyani tunachagua mwenyekiti na mweka hazina, na kila baada ya miaka mitano nchi nzima inapanga foleni kuchagua rais, mbunge na diwani. Kura hizo zinatazama mbele: nani atatuongoza, nani atatunza fedha, nani atatusemea. Lakini iko kura nyingine ambayo hatufundishwi popote namna ya kuipiga. Ni kura ya kumpa mtu heshima kwa jambo alilokwisha kulifanya. Anayeshinda hapewi ofisi wala muhuri. Anaandikwa jina tu, basi. Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Itaka, wilayani Mbozi, niliitwa kupiga kura ya namna hiyo, na nakiri kwamba ilinisumbua kuliko mitihani yangu ya falsafa.

Habari yenyewe ni fupi. Vijana wa kigango chetu walikuwa wamesawazisha uwanja wa mpira ulio jirani na kanisa. Kazi ilipokwisha, zikabaki fedha kidogo na mbao mbili nzuri. Mmoja wao akatoa wazo kwamba tutengeneze kibao, tuandike majina saba ya wachezaji wa zamani walioiletea sifa timu ya kijiji, kisha kibao kipigiliwe kwenye ukuta wa kanisa unaotazama uwanja. Wazo likapendwa. Wakapatikana wagombea kumi na mmoja na wapiga kura tisa: wazee watatu, mwalimu mstaafu, katekista, akina mama wawili, kiongozi wa vijana, na mimi. Nilipouliza kwa nini mimi, ambaye wengi wa wagombea waliacha mpira nikiwa bado mtoto wa mgongoni, nikajibiwa, "Frateri, wewe unasoma falsafa, hutakuwa na upande."

Kijana aliyeleta wazo alilitoa mbali. Alikuwa amesoma kwenye simu habari za Ukumbi wa Heshima wa mpira wa vyuo vikuu vya Marekani. Mpira huo si huu wetu. Ni ule wa kofia ngumu, unaobebwa mikononi, na kule Marekani mechi za wanafunzi wa vyuo hujaza viwanja vikubwa kupita viwanja vyote tunavyovijua hapa nchini. Wachezaji na makocha wa kwanza waliingizwa katika ukumbi huo mwaka 1951. Miongoni mwao alikuwamo Knute Rockne, kocha wa chuo kikuu cha Kikatoliki cha Notre Dame, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1925 na kufa katika ajali ya ndege mwaka 1931, akiwa ameshinda mechi 105 na kupoteza 12 tu.

Nilivutiwa na masharti yao, nikayasoma kwa makini kabla ya siku yetu. Mchezaji hawezi kuwa mgombea mpaka ipite misimu kumi tangu acheze mechi yake ya mwisho ya chuo. Lazima katika wakati wake awe amewahi kutajwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa nchi nzima. Karatasi za kura hupelekwa kwa wanachama zaidi ya 12,000 na kwa wale waliokwisha kuingizwa, kisha jopo dogo hukaa, hupima matokeo na kuamua. Tena kuna sharti moja lililonifanya niweke simu chini nifikiri: mafanikio ya uwanjani ndiyo yanayopimwa kwanza, lakini mwenendo wa mtu kama raia baada ya kuacha mpira nao unatazamwa.

Sisi tukatunga masharti yetu mepesi. Mgombea awe ameichezea timu ya kijiji misimu isiyopungua mitano, awe ameacha mpira kwa miaka kumi au zaidi, na apate kura sita kati ya tisa. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Shida ya kwanza ilikuwa ya ujuzi. Nitampigiaje kura mtu ambaye sikumwona? Wapo wanaopiga kura za mpira kwa haki kabisa kwa sababu kuona ndiyo kazi yao. Wengi wetu tunaikumbuka Januari 2016, kule Abuja, Mbwana Samatta alipotangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Wapiga kura walikuwa makocha wakuu na wakurugenzi wa ufundi wa timu za taifa. Samatta alipata pointi 127, na aliyemfuata, Robert Kidiaba, akapata 88. Wote wawili walikuwa wachezaji wa TP Mazembe ya Lubumbashi iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali. Usiku ule ule, katika tuzo kubwa ya bara zima, Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon alimshinda Yaya Touré wa Côte d'Ivoire kwa pointi 143 dhidi ya 136. Pointi saba tu! Touré hakuficha hasira yake. Basi hata wataalamu wenye picha za video za kila mechi wanaweza kugawanyika karibu nusu kwa nusu.

Tena ukitazama vizuri, utaona hata macho ya wataalamu yana upande. Samatta ni mshambuliaji, Kidiaba ni kipa. Ile tuzo ya Ulaya ya Ballon d'Or, kipa pekee aliyewahi kuitwaa ni Lev Yashin, mwaka 1963. Goli lililofungwa hukumbukwa. Goli lililozuiwa husahaulika kabla ya chakula cha jioni. Nasi kwetu ikawa vilevile: kati ya wagombea wetu kumi na mmoja, tisa walikuwa washambuliaji na viungo. Beki alikuwa mmoja, kipa mmoja.

Sisi hatukuwa na video. Hatukuwa hata na daftari la magoli. Tulikuwa na watu waliokuwapo. Hapo nikamkumbuka Mtakatifu Augustino, anayeeleza jinsi alivyotambua kwamba mambo mengi sana anayoyashika kuwa kweli hakuyaona mwenyewe. Aliyapokea kwa kuwaamini wengine. Hata wazazi wake ni akina nani aliamini kwa kuambiwa. Tungekataa kuamini ushuhuda wa watu, anasema, tusingeweza kufanya lolote katika maisha haya. Darasani niliona ni hoja nzuri ya kujibia swali la mtihani. Pale Itaka, nikiwa na karatasi ya kura mkononi, niliona kwamba sina njia nyingine yoyote. Ama nawasikiliza mashahidi kwa uangalifu, ama narudisha karatasi.

Nikaomba tusikilize mashahidi. Ilituchukua Jumapili mbili, baada ya Misa, chini ya mti. Wazee walifurahi. Walibishana kama mechi moja ilichezwa siku ya mvua au ya jua, na nikaona kwamba wasipokubaliana kuhusu mvua, ila wakakubaliana kuhusu mchezaji, ushuhuda wao unazidi kuaminika. Watu waliokwisha kupanga maneno hawabishani juu ya mvua.

Mgombea aliyetugawa alikuwa winga wa kushoto. Mimi namfahamu kama mtu wa makamo anayebeba magunia sokoni siku za mnada, na ambaye jioni humkuti ila kilabuni. Mara mbili tatu nilimsalimu akaniitikia kwa heshima, "Frateri, utuombee," akapita. Sikujua kwamba amewahi hata kugusa mpira.

Mwalimu mstaafu akasema, "Alipokuwa akicheza yule, watoto walikaa upande wa kushoto wa uwanja kipindi cha kwanza. Ikifika mapumziko wote wanahama kwenda upande wa pili, wamfuate." Tukamwita pia beki wa zamani wa kijiji jirani, mpinzani wake. Huyo hakuwa na sababu ya kumpendelea. Akasema, "Nilipangwa kumkaba mara nne. Mara tatu nilitolewa kabla ya mechi kwisha, na aliyenitoa ni kocha wangu mwenyewe, si refa." Tulicheka sana. Lakini nami nikaandika pembeni ya karatasi yangu: mpinzani anashuhudia.

Kisha mmoja wa akina mama wapiga kura akasema kwa upole, "Mmeuliza waliomwona uwanjani. Sasa tumwulize aliyemwona nyumbani." Akaitwa mama wa watoto wake. Alikuja akiwa amejifunga kitenge cha kanisani, akaketi, akasikiliza swali mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu ya msalaba niliovaa.

"Mwanangu Frateri," akasema, "mpira alicheza. Hapo hapo uwanjani ndipo nilipompendea, sitasema uongo mbele ya kanisa. Lakini watoto wanne nimewasomesha mwenyewe, kwa kibarua cha kuchuma kahawa za watu. Mkiandika kwamba alicheza, andikeni. Mkiandika kwamba ni mfano wa kuigwa, mimi ukutani hapo sitapita."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kibao chetu, kama kilivyokuwa kimepangwa, kingeandikwa juu kwa herufi kubwa: Mashujaa Wetu, Mfano kwa Vijana.

Nikajiuliza, wenzetu wa mbali wenye sharti lile la mwenendo wamefanyaje? Nikakuta kwamba nao hawajalimaliza. O. J. Simpson, mmoja wa wakimbiaji na mpira hodari kabisa, aliingizwa katika ukumbi wa vyuo mwaka 1983. Mwaka 1994 alishtakiwa kwa mauaji ya aliyekuwa mke wake na rafiki yake. Mahakama ya jinai ilimwachia mwaka 1995, lakini mwaka 1997 mahakama ya madai ilimwona anawajibika kwa vifo hivyo, na baadaye alifungwa kwa kosa jingine la unyang'anyi. Alifariki mwaka 2024. Jina lake bado limo. Mwingine, Reggie Bush, aliirudisha tuzo ya Heisman mwaka 2010 baada ya kubainika kwamba yeye na familia yake walipokea manufaa yaliyokatazwa kwa wanafunzi. Ukumbi wa Heshima ukamchagua katika kundi la mwaka 2023, kabla hata hajarudishiwa tuzo hiyo mwaka 2024. Kwa hiyo sharti limeandikwa, ila uzito wake unategemea nani anashika mizani, na mwaka gani.

Wenye kusoma falsafa tunajua kwamba Aristotle aliitilia shaka heshima kuwa lengo la maisha. Sababu yake moja ni kwamba heshima inamtegemea zaidi anayeitoa kuliko anayeipokea. Nilikuwa nikiisoma hoja hiyo kama onyo kwa wapenda sifa. Sasa naisoma kama onyo kwa wapiga kura. Winga yule hakuomba kuandikwa popote. Kura yetu isingemwongezea wala kumpunguzia goli hata moja. Kitu pekee ambacho kingeonekana waziwazi pale ukutani ni sisi: tunathamini nini, tunanyamazia nini, na tumemsikiliza nani kabla ya kuamua.

Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino anauweka upendeleo wa watu kati ya dhambi zinazopingana na haki ya kugawa, ile haki inayompa kila mtu kwa kadiri anavyostahili. Mfano wake ni kumpa mtu kitu kwa sababu isiyohusiana na kitu hicho. Ukimpa mtu kazi ya ualimu kwa kuwa anajua kufundisha, umetenda haki. Ukimpa kwa kuwa ni tajiri au ni ndugu yako, umependelea. Nikajaribu kuitumia kanuni hiyo. Ikiwa heshima yenyewe ni ya kucheza mpira, sababu inayohusika ni mpira, na ulevi wake haumwondoi. Ikiwa heshima ni ya kuwa mfano kwa vijana, basi mpira peke yake hautoshi, na hata kipa mwaminifu asiyekuwa maarufu anaweza kumzidi. Kosa ni kuchanganya, kumpa mtu heshima ya pili kwa sababu za ile ya kwanza.

Kwa hiyo nikapendekeza tubadili maneno ya kibao kabla ya kupiga kura. Pasiandikwe shujaa, pasiandikwe mfano. Paandikwe tu: Waliotuchezea. Wote tisa wakakubali.

Hapa naomba nitaje jambo ambalo sisi waseminari tungepaswa kulijua vizuri kuliko Wamarekani. Kanisa lina utaratibu wake wa kumwandika mtu, tena wa karne nyingi. Baada ya kifo hungojwa kwa kawaida miaka mitano kabla ya kuanza, ili machozi yakauke na shangwe itulie. Jimbo hukusanya maandishi na ushuhuda, wa kumsifu na wa kumpinga. Huko Roma wanateolojia hupiga kura, kisha makardinali na maaskofu, na mwisho kabisa Baba Mtakatifu ndiye anayeamua. Tangu karne ya 16 palikuwa na afisa aliyepewa kazi ya kutafuta kila hoja dhidi ya mgombea, ambaye watu walimwita wakili wa shetani. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alibadili utaratibu huo, lakini hoja za kupinga bado hutafutwa na kujibiwa. Hata Mwalimu Nyerere, anayependwa na taifa zima na ambaye mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, ni Mtumishi wa Mungu mpaka sasa, na kila jambo alilotenda akiwa mtawala litaulizwa. Kuulizwa huko si kumdharau. Ni kumheshimu mtu kiasi cha kutaka kumjua mzima.

Na mashahidi ni uti wa mgongo wa kazi hiyo yote. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Tunajua walivyokufa Namugongo kwa sababu wako vijana waliokuwa nao wakasalimika, akiwamo Denis Kamyuka, nao wakasimulia. Walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Bila walioona, moto ule ungebaki majivu tu.

Nilipowaza hayo, nikaona kwamba yule mama aliyekuja na kitenge chake alikuwa amefanya kazi ya wakili yule wa zamani, na ameifanya kwa haki kuliko sisi. Alitaja zuri kwanza, akalithibitisha kwa moyo wake mwenyewe, kisha akataja baya, kisha akaonyesha mpaka kati ya hayo mawili. Sijasoma ukurasa wa maadili uliopanga hoja vizuri kuliko hivyo.

Tukapiga kura. Mimi nilimpigia winga. Nilikuwa na ushuhuda wa rafiki, wa mpinzani na wa aliyeumizwa naye, na wote watatu walisema alicheza. Kibao kilisema alicheza. Niliona ukweli unadai jina lake liandikwe.

Alipata kura tano. Zilihitajika sita.

Mmoja wa waliomnyima kura alinieleza sababu yake baadaye, bila kuulizwa. Ni yule mama wa kwanza, aliyeomba aliyemwona nyumbani aitwe. "Frateri, maneno ya kibao ni yenu, lakini ukuta ni wa kanisa. Mtoto akiona jina la mtu ukutani kwa Mungu, hasomi maneno ya juu. Anasoma jina." Nilitafuta jibu na sikulipata haraka. Kwenye somo la lugha tunafundishwa kwamba neno hupata maana kwa mahali linaposemwa, na mama huyu alilijua hilo bila somo. Bado naamini kura yangu ilikuwa ya haki. Naamini pia kwamba ya kwake ilikuwa na sababu nzito, na kwamba watu wawili waaminifu wanaweza kutoka chini ya mti mmoja na kura mbili tofauti bila mmoja kuwa mwongo.

Winga mwenyewe aliletewa habari sokoni. Aliuliza kura zilikuwa ngapi, akaambiwa tano. "Kumbe bado wapo watano walioniona," akasema, akabeba gunia lake. Sikumwambia kwamba mmoja wa hao watano hakuwahi kumwona.

Masharti yanaruhusu apendekezwe tena. Ukumbi ule wa Marekani nao hurudisha majina mwaka baada ya mwaka, na hata masharti yake husogea. Kwa makocha walikuwa wakidai ushindi wa asilimia 60 ya mechi zote. Kocha Mike Leach, aliyefariki Desemba 2022 na ambaye wengi wanamhesabu kati ya waliobadili namna ya kushambulia katika mchezo huo, alikuwa na asilimia 59.6. Mwaka 2025 wakatangaza kwamba kuanzia mwaka 2027 kipimo kitakuwa asilimia 59.5. Wako waliosema ni kumshonea mtu mmoja nguo. Lakini Aristotle anatukumbusha kwamba sheria husema kwa ujumla, na maisha huleta jambo ambalo mtunga sheria hakulifikiria. Hapo haki hudai sheria inyooshwe kulifuata jambo. Nasi tulikuwa na wa kwetu. Mzee mmoja, ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja, alichora mistari ya uwanja kwa majivu ya jikoni kwake kila Jumamosi kwa miaka mingi. Masharti yalisema mchezaji. Tukaongeza mstari mmoja chini ya kibao kwa ajili ya waliotumikia mchezo, na huyo akapata kura zote tisa.

Ndugu zangu, parokia na vigango vyetu vingi vinakaribia jubilei. Tutatoa vyeti, tutachonga majina, tutapiga makofi. Kabla ya kufanya hivyo, naomba tujiulize maswali matatu. Heshima hii ni ya nini hasa, na je, maneno yake yanasema hivyo? Tumewasikiliza walioona, hata wale ambao maneno yao yatatuudhi? Na je, tumewatafuta wanaozuia magoli, au tumewakumbuka wafungaji tu? Wanakwaya wa sauti ya pili, wafagia kanisa, wanaobeba maji ya saruji wakati wa ujenzi: hao hawana mtu wa kuhama naye upande wa uwanja.

Tena tuyaandike mambo mapema. Walioona wanazidi kupungua. Daftari la shilingi elfu mbili na kijana mmoja mwenye subira ya kukaa na wazee vingetusaidia kuliko kamati kubwa itakayoundwa wakati mashahidi wote wamekwisha kuzikwa.

Na tusiogope sana kwamba tutamsahau mtu. Tutasahau. Mwaka 1968 huko Mexico City, Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti, akaendelea mpaka akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watu wengi wakiwa wamekwisha kuondoka uwanjani. Kwa kipimo cha namba hakuna ambaye angempigia kura. Dunia inamkumbuka kwa kuwa wachache walikuwa bado wamekaa, na kamera moja ilikuwa haijazimwa. Ni wangapi waliomaliza hivyo hivyo pasipo kamera?

Kanisa, lenye uangalifu kuliko wote katika kuandika majina, linalijua hilo. Ndiyo maana halikutosheka na orodha yake. Tarehe 1 Novemba kila mwaka linaadhimisha Watakatifu Wote, wale ambao hawakupata mashahidi wa kutosha, wala wakili, wala kura, na ambao Mungu aliwaona wakicheza kipindi chote.